Mkono ulishika, na bado sijatulia

Video ya arusi ilionyeshwa nyumbani kwa mama mdogo, siku ya yenga, yaani Jumapili, baada ya kula. Watu walijaa hadi mlangoni, watoto wamekaa mkekani mbele ya televisheni. Ilipofika sehemu ya bibi arusi kushuka garini, picha ikaanza kupaa: paa la gari, maua, kisha umati mzima umeinua nyuso na kupunga mikono. Sebule ikajaa vigelegele. Mama mdogo akanigeukia.

"Fundi wetu huyo! Bila yeye haya tungeyaona wapi?"

Nikacheka kidogo nisiharibu furaha. Macho yangu yalikuwa kwenye pembe ya juu ya picha, upande wa kulia, pale ncha ya propela inapojitokeza na kupotea. Kulikuwa na mtetemo mwembamba ambao mtu asiyeijua mashine ile asingeuona.

Chini ya ncha ile, vichwa vya watu.

Wiki zimepita. Mkono wa droni iliyopiga video ile, mkono nilioutengeneza mimi, ulishika, hakuna aliyeumia, bwana arusi amelipa. Sina kesi na mtu. Ila tangu siku ile nikiitwa fundi pale nyumbani, neno haliniingii vizuri.

## Kichuguu

Droni ya mdogo wangu si zile za kukunja zinazokuja ndani ya boksi zuri. Ni ya kuunga mwenyewe: fremu ya milimita 450 kutoka mota moja hadi ile ya pembe inayoikabili, mikono minne ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, sahani mbili katikati. Sahani ya chini ndiyo bodi ya umeme pia. Waya za betri na za vidhibiti vya mota zinalehemewa moja kwa moja kwenye shaba yake. Ikibeba betri na kamera inakaribia kilo moja na nusu. Ndiyo inayomlisha: arusi, sherehe za kanisa, na mara moja moja tajiri anayetaka kuonyesha ukubwa wa kiwanja chake.

Ilikuwa inarudi kutua ikagonga kichuguu.

Aliye hapa kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ameshaelewa. Kwa msomaji wa mbali, vichuguu vyetu si vya kuruka kwa mguu. Vingine vinapita paa la nyumba, na udongo wake ni huohuo watu wanaofyatulia matofali. Mkono wa mbele kulia ulivunjika karibu na mota, ukabaki unaning'inia kwa waya. Waya nyekundu ya kidhibiti ilikuwa imeng'oka kwenye sahani.

Aliniletea imefungwa ndani ya kikwembe, yaani kitenge, cha mama yake. Mtu fulani alikuwa ameshaipaka gundi ya haraka kwenye mvunjiko. Niliigusa kwa ukucha ikabanduka nzima, kama gamba la kidonda kilichopona.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "arusi ni siku ya posho, Jumamosi hii. Itashika ama haitashika?"

Nikamwambia swali lake ni mawili, si moja. Hakunielewa. Na mimi, kusema kweli, siku ile nilisema tu. Maana yake nimeipata baadaye.

## Umeme wa jioni

Nianze na lehemu, maana ndiyo sehemu ninayoipenda.

Chuma changu cha kulehemu kimeandikwa wati 60 kwa volti 220. Ila volti 220 hazitufikii kila saa. Jioni mtaa mzima ukiwasha reshoo, majiko ya umeme, kipimo kwenye soketi yangu kinashuka hadi 160, na siku mbaya chini ya hapo. Nguvu ya kitu cha kupasha moto inafuata mraba wa volti, kwa hiyo kwa volti 160 zile wati 60 zinabaki 32 hivi. Ukilehemu waya nyembamba ya redio hutaona tofauti. Ukigusa sahani ya droni, ambayo shaba yake ni pana na inanyonya joto lote, utaona: lehemu inayeyuka kwenye ncha ya chuma lakini ikifika kwenye shaba inaganda hapohapo, inakaa kitone cha mviringo kisichotambaa. Kwa macho kimeshika. Ukikiinua kwa kisu kinatoka.

Kwa hiyo kazi ya sahani inafanywa alfajiri, kabla majirani hawajaamka kupasha maji ya kuoga. Kama delestaji, ule mgao wa umeme, haijakutangulia, lakini.

Lehemu niliyonayo ni ya bati 60 na risasi 40. Inaanza kulainika kwa nyuzi 183, lakini haiwi maji kabisa mpaka karibu 190, na katikati ya hapo inakuwa uji. Waya ikitikisika wakati wa uji, kiungo kinapata nyufa ndogo na rangi ya kijivu iliyofifia. Ile ya 63 kwa 37 haina uji. Inatoka maji kuwa chuma kwa mara moja. Ukiipata kwenye kenkayeri, duka la vifaa vya ufundi, lipa tu hiyo tofauti ya bei. Na fungua dirisha, hata kama ni Julai na baridi ya alfajiri inakata masikio. Moshi ule si risasi, ni utomvu wa msonobari unaoungua ndani ya lehemu, lakini kifua hakijali ni kipi. Risasi yenyewe inabaki kwenye vidole, ndiyo maana mikono inaoshwa kabla ya kushika mkate.

Kilichonichelewesha ni waya tatu za mota. Kwenye mota hii si waya za kawaida zenye ngozi ya plastiki hadi mwisho. Ni nyuzi zilezile zinazozunguka ndani, zimetolewa nje, na kila uzi umepakwa vanishi isiyoonekana. Zinang'aa rangi ya shaba safi, unadhani ziko tayari. Ukipeleka lehemu inateleza. Inabidi ukwangue uzi kwa uzi kwa wembe, ukigeuza waya polepole, mpaka ile shaba nyekundu ya kung'aa iwe ya waridi na isiyong'aa sana. Hapo ndipo lehemu inapoingia katikati ya nyuzi yenyewe, unaiona ikipanda. Nilikaa na wembe ule muda mrefu, na sikuona unapita.

Mzee mmoja wa mtaa wa Katuba, anayetengeneza amplifaya za makanisa tangu kabla sijazaliwa, alikuja kuangalia. Nilikuwa nimeshikilia waya mbili ncha kwa ncha, nasubiri lehemu iziunganishe.

"Zisokote kwanza," alisema. "Lehemu inapitisha umeme, haibebi mzigo. Kama waya haijashikana yenyewe, lehemu haitaishikanisha."

"Ndiyo, papa."

Nilizisokota. Sentensi yake ilinirudia siku tatu baadaye nikiwa na shughuli nyingine kabisa, nitafika.

## Taa ya indiketa

Uzuri wa lehemu ni kwamba inaulizika.

Kipimo kikilia kati ya ncha mbili, njia ipo. Kati ya nyekundu na nyeusi ya betri kisilie mfululizo. Mlio mfupi unaokatika ni kondensa, kile kihifadhi umeme, inajijaza tu. Kati ya waya yoyote ya mota na mwili wa mota, kimya. Kati ya waya mbili zozote za mota, upinzani mdogo usiofika hata omu moja, na jozi zote tatu zilingane. Ukivuta waya kwa koleo haitoki.

Halafu jaribio la mwisho, ambalo kila mtu anayelehemu nyumbani angelijua kabla ya kujua jambo lingine lolote. Chukua taa ya indiketa ya gari, ile ya volti 12 na wati 21, uiweke njiani kwenye waya mmoja kati ya betri na droni. Propela zote zimetolewa. Chomeka. Kama kuna mahali nyekundu na nyeusi zimegusana, taa inawaka kwa nguvu zote, na imekula umeme ambao ungechoma bodi. Kama kazi ni safi, inamulika mara moja na kuzima, au inabaki na wekundu hafifu.

Ilimulika ikazima.

Mota ilizunguka kinyume. Hilo si kosa, ni utaratibu: waya tatu hazina namba, ukibadilishana mbili zozote inageuka. Nikabadilishana mbili, ikageuka. Jambo la lehemu likaisha pale. Ukiniuliza leo kama waya zile zitashika nakujibu ndiyo bila kumeza mate.

## Nailoni

Mkono ni habari nyingine.

Nailoni haipendi gundi. Hata epoksi ya mirija miwili, inayoshika vyuma na mbao mpaka kitu kingine kivunjike kwanza, kwenye nailoni inakaa juu juu. Kwa hiyo hakuna kubandika. Kuna kufunga.

Hapo ndipo neno la mzee wa Katuba liliponirudia. Kama vipande havijashikana vyenyewe, gundi haitavishikanisha. Nilienda kwa wale vijana wanaotengeneza madirisha, nikapata mabaki ya alumini ya milimita mbili, nikakata vipande viwili, kimoja kila upande wa mkono, vikiuvuka mvunjiko. Bolti nne za milimita tatu, na nati zenye pete ya nailoni ndani ambazo hazilegei kwa mtetemo. Mwishoni mwa ufa mdogo uliokuwa unaelekea katikati nikatoboa tundu dogo la duara, maana ufa ukifika kwenye duara unakosa ncha kali ya kuendelea nayo. Epoksi nikaiweka pia, kujaza nafasi tu, na kwa baridi ile ilichukua usiku kucha na nusu ya mchana kukauka. Jumla mkono uliongezeka karibu gramu 20. Kidhibiti cha urukaji kinafidia: mota ya upande ule inafanya kazi kidogo zaidi ya wenzake, basi.

Nikautundikia chupa ya maji ya lita mbili mwishoni. Katika kuelea, kila mota inabeba robo ya kilo moja na nusu, haifiki hata gramu 400. Kilo mbili ni mara tano ya hapo. Mkono haukupinda.

Mdogo wangu akapiga makofi.

Mimi nikaanza kuhesabu. Propela ya inchi kumi inayoelea inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika, na kwa mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi hewa ni nyepesi, inabidi izunguke zaidi kidogo kuliko ingekuwa pwani. Propela hailingani sawasawa kamwe. Kila mzunguko ni msukumo mdogo kwenye mkono. Dakika kumi angani ni misukumo 50,000. Chupa ya maji ilikuwa msukumo mmoja, wa taratibu, wa kwenda chini.

Na nailoni ya nyuzi za kioo, hasa ikikauka sana kama inavyokauka kwetu kiangazi, haina tabia ya kupinda kwanza ili ikuonye. Nilikuwa nimetoboa matundu manne mapya kwenye mkono ambao tayari umevunjika mara moja. Ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti unaanzia chini ya alumini. Yaani nilikuwa nimefunika sehemu pekee ambayo ningetaka kuiona.

Sikuwa na taa ya indiketa ya kuuliza jambo hilo.

## Alichosema mdogo wangu

Nilimrudishia Ijumaa. Nikamwambia: ruka uwanjani, ruka juu ya nyumba yako, ruka juu ya gari la arusi likiwa tupu barabarani. Juu ya watu, hapana. Ya idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ya kukaa mbali na uwanja wa ndege wa Luano, hayo nilishamwambia zamani na ni mzigo wake.

"Yaya," akasema, bila hasira, "ile minibasi unayopanda kila asubuhi, chini imelehemewa mara ngapi? Unaijua. Na unapanda. Kila kitu cha mji huu kimeshatengenezwa mara tatu, na tunaishi ndani yake. Droni tu ndiyo ya kuogopa?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu droni ya mikono minne: ikipoteza mota moja haina cha kuegemea, inapinduka na kuanguka, si sawa na ile ya mikono sita ambayo inaweza kujikokota hadi chini. Nilisema kutoka mita 20 kitu kinafika chini kwa karibu kilomita 70 kwa saa. Alinisikiliza kwa heshima. Najua heshima ile, ndiyo anayompa padri.

Swali lake nimekaa nalo. Mwanzoni nilijibu hivi: abiria wa minibasi anaisikia ikilia, anaona mlango umefungwa kwa kamba, akipanda amekubali. Jibu zuri mpaka ukumbuke jinsi watu wanavyopanda saa kumi na mbili asubuhi. Nani amekubali nini? Mama mwenye beseni la samaki anayekwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, hana minibasi ya pili ya kuchagua.

Basi nikaliacha hilo la kukubali, nikarudi kwenye chuma. Minibasi inalia. Chasisi inayochoka inatoa sauti, gari linavuta upande mmoja, shofa anajua na anapunguza mwendo, fundi anaitwa. Kuna mazungumzo kati ya kitu kilichotengenezwa na watu wanaokitumia, na mji huu umejifunza lugha hiyo vizuri kuliko miji yenye vitu vipya. Mkono wangu wa nailoni hauna sauti. Hapo ndipo ninaposimama kwa sasa, na sijui kama mdogo wangu angekubali.

## Wale waliopunga mikono

Rafiki yangu wa Goma, mashariki mwa nchi kwenye vita, alitumiwa video ileile. Swali lake la kwanza: mbona watu hawakukimbia?

Hakuwa anatania. Kwao droni ilifika na Umoja wa Mataifa, Desemba 2013, ndege zisizo na silaha za kutazama misitu na mpaka. Baadaye zikaja nyingine ambazo hazikuja kutazama tu. Mlio ule unaposikika mtu wa Goma hainui uso, anahesabu watoto.

Niliirudia video baada ya ujumbe wake, mara hii nikiangalia nyuso. Shangazi wa bibi arusi ameinua simu yake kuipiga picha droni inayompiga picha. Mtoto wa suti nyeupe anaruka ili aiguse. Mpiga tarumbeta amesahau tarumbeta. Hakuna hata mmoja aliyesogea pembeni. Wameamini kwamba kitu kilicho juu yao kiko sawa, na wameamini hivyo kwa sababu kiko juu. Nani angerusha kibovu?

Kama ningeandika kwenye karatasi, "mkono wa mbele kulia umefungwa kwa alumini ya dirisha," nikaibandika mlangoni kwa sherehe, wangapi wangesogea? Labda hakuna. Labda wangecheka, wangesema huyo ni fundi kweli. Hilo linanisumbua kuliko mdogo wangu kupuuza neno langu.

## Mikono mipya

Nimeikagua droni tangu wakati ule. Nilifungua bolti, nikatoa alumini, nikaangalia matundu kwa lenzi na tochi ya simu, nikagonga mkono kwa ukucha kusikia kama mlio umebadilika. Sikuona kitu. Ningeona ufa ningekuwa na la kusema. Kutoona hakukuniambia chochote, maana ufa wa aina hii unaweza kuwa haujafika juu.

Seti ya mikono mipya imeshafika, imetoka China kupitia Dar es Salaam hadi mpakani Kasumbalesa, ndani ya mzigo wa mtu anayeuza vifaa vya simu. Bei yake ni dola chache tu. Kilichotukosesha mikono hiyo kabla ya arusi ni njia. Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja: kufungua bolti za sahani, kuhamisha kidhibiti, na kuzikata zile waya za mota nilizozikwangua kwa wembe. Hilo la mwisho litaniuma.

Mdogo wangu haoni sababu. Ule wa zamani unashika, anasema, na ana arusi mbili mwezi huu. Nimemwandikia alete Jumatano alfajiri, wakati umeme ni mzuri, simdai hata franka. Akajibu atakuja, lakini mkono wa zamani niurudishe, auweke akiba.

Nikamwandikia kwamba ule nitaukata kwa msumeno mbele yake.

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama basi anaweza kuchukua zile alumini na bolti zake.

Hizo nitampa.